Je, Wajua? Taa Kuzimika Si Ushahidi Kwamba Umeme Haupo

Umebonyeza swichi, kimya. Ukabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba mara ya kwanza haikukusikia. Kabla hujaburuta meza na kupanda na bisibisi mkononi, pitia haya machache. Yote yanazunguka jambo moja ambalo mafundi wa umeme hawalisahau na sisi wengine hatulikumbuki: taa kuzimika ni habari moja, umeme kutokuwepo ni habari nyingine kabisa.

SOMA GIZA KWANZA

Je, wajua kwamba ukubwa wa giza hukuonyesha pa kuanzia kutafuta? Ikizimika taa moja, shuku globu, holda au swichi yake. Zikizimika taa zote huku soketi zikifanya kazi, nenda kwenye breka ya taa. Ikizimika nyumba nzima huku kwa jirani kunawaka, tazama salio la LUKU, ule umeme wa malipo ya kabla, kisha meni swichi, kisha mwite anayehusika na waya unaoingia ndani. Ukizimika mtaa mzima, huna cha kutengeneza: toa taarifa, washa tochi, subiri.

Giza pana zaidi huweza kuwa la kisiwa kizima. Wakazi wa Unguja walikaa takriban mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, kisha takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, baada ya hitilafu kwenye mfumo unaovusha umeme kutoka Bara kupitia chini ya bahari.

Je, wajua kwa nini taa zote zinaweza kuzimika na friji ikaendelea kunguruma? Nyumba iliyofungwa nyaya sawasawa ina njia zaidi ya moja. Taa zina njia yake, mara nyingi kwa waya ambao mafundi huuita wa moja na nusu, yaani milimita za mraba 1.5, na breka ya ampea 6 au 10. Soketi zina njia nyingine, kwa waya mnene zaidi wa mbili na nusu. Njia moja ikianguka, nyingine haina habari.

Je, wajua kwamba taa za nyumba hupokezana umeme? Waya hufika taa ya kwanza, ukatoka hapo kwenda ya pili, ukaendelea hadi ya mwisho. Kwa hiyo zikizimika taa za vyumba vitatu vya nyuma na za mbele zinawaka, usifungue dari nzima. Hitilafu mara nyingi iko kati ya taa ya mwisho inayowaka na ya kwanza iliyozimika: skrubu iliyolegea kwenye moja ya taa hizo mbili, au kiungo kilichojificha kwenye jangsheni boksi katikati yake.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote? Globu ya chumba kingine. Chukua inayowaka, ifunge pale penye giza, swichi na breka zikiwa zimezimwa na globu ikiwa imepoa. Kisha rudisha breka na swichi. Ikiwaka, kazi imekwisha. Isipowaka, umeokoa pesa ya globu mpya.

Je, wajua kwamba mita inaweza kukataa namba ulizolipia, na nyaya zako zisiwe na kosa lolote? Namba 20 za umeme wa malipo ya kabla hubeba ndani yake hesabu ya dakika iliyoanza kuhesabiwa mwaka 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana wateja wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi walitakiwa kwanza kuingiza namba za ziada za kuhuisha mita. Nyumba iliyofungwa tangu kabla ya hapo, mwenyewe akiwa safarini, inaweza kuwa na mita isiyohuishwa mpaka leo. Kabla ya kumwita fundi, uliza hilo.

SWICHI INAZIMA TAA, HAIZIMI UMEME

Je, wajua kwamba kuna nyumba ambazo taa ikizimwa, holda inabaki na umeme kamili? Swichi hutakiwa kukata laivu, waya unaoleta umeme. Fundi akikosea na kuifunga swichi kwenye nyutro, waya wa kurudishia, taa itawaka na kuzimika vizuri tu, miaka nenda miaka rudi. Hakuna atakayegundua, mpaka siku mtu atakapozima swichi, apande juu ya kiti, na kuingiza kidole ndani ya holda akiamini yuko salama.

Hata swichi ikiwa imefungwa sawasawa, pale darini bado pana mtego. Kwenye nyumba nyingi za mtindo wa Kiingereza, siling rozi ndiyo sehemu ambayo laivu hupitia kwenda taa inayofuata. Laivu hiyo haipiti kwenye swichi ya chumba hicho. Zima swichi upendavyo: ukifungua kile kifuniko cha mviringo, ndani mna skrubu yenye volti 230 inayokungoja. Hiyo huzimwa kwenye breka tu.

Na swichi za ngazini, zile za kuwasha chini na kuzimia juu? Hizo hazina upande wa kuwasha wala wa kuzima. Maana ya mkao wa kila moja hutegemea mwenzake alivyoachwa. Globu ikiwa imeungua, hakuna mtu duniani anayeweza kuitazama swichi ya namna hiyo akakwambia kama umeme umefika juu au haujafika.

Je, wajua kwa nini taa ya LED huendelea kuwaka hafifu usiku hata baada ya kuzimwa? LED huhitaji umeme kidogo mno ili ionekane inawaka. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo hupitisha umeme kidogo kila wakati. Waya mrefu uliolazwa sambamba na wenye umeme nao huambukizwa kiasi. Lakini sababu ya tatu ndiyo ya kuiangalia: huenda swichi imefungwa kwenye nyutro. Taa inayowaka hafifu ikiwa imezimwa inastahili kutazamwa na fundi, si kufunikwa kitambaa.

Holda ya kuzungusha ina siri yake pia. Ukubwa wake wa kawaida ni milimita 27, nayo ina sehemu mbili za umeme: kitufe cha katikati ndani kabisa, na zile hesi za pembeni. Laivu inatakiwa iende katikati. Ikigeuzwa, hesi ndizo zinazobeba umeme, na ndizo zinazogusana na kitako cha chuma cha globu ambacho vidole vyako hukaribia unapozungusha. Holda ya pini mbili, ya milimita 22, haina hesi hizo, ila pini zake za ndani nazo hubaki wazi globu inapotolewa.

"NI UMEME WA TAA TU"

Je, wajua kwamba hakuna kitu kinachoitwa umeme wa taa tu? Globu ya zamani ya wati 60 huvuta takriban miliampea 260. LED ya wati 9 huvuta karibu miliampea 40. Mwili wa binadamu huanza kuhisi umeme kwenye nusu miliampea. Ukifika karibu miliampea 10, misuli hukaza na mkono ukashindwa kuachia. Kuanzia kama miliampea 30, ukipita kifuani kwa muda wa sekunde chache, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mkondo wa taa moja ndogo ya jikoni unatosha na kusaza.

Ngozi kavu huupinga umeme, ngozi yenye jasho au maji huufungulia mlango. Ukinzani wa mwili hushuka kutoka maelfu mengi ya omu hadi takriban 1,000. Kwa volti 230, hiyo ni miliampea 230. Taa ya bafuni si kazi ya kufanya umetoka kuoga.

Je, wajua kwa nini mafundi wa zamani hupenda kufanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili wakiuweka mfukoni au nyuma? Umeme unaoingia mkono huu na kutokea ule hupita kifuani. Mkono usiogusa kitu haufungi njia.

Ngazi ya alumini? Iache kwa wapaka rangi. Ya mbao kavu au ya faiba ndiyo ya umeme. Na ndala hazina cheti cha kuzuia umeme, hasa zikiwa zimelika kisigino na sakafu ni mbichi.

TESTA INASEMA KWELI, LAKINI SI KWELI YOTE

Je, wajua kwamba unapotumia testa, umeme unapita mwilini mwako? Ndani ya ile bisibisi mna kitaa cha neoni na kizuizi chenye ukinzani mkubwa, ambacho hupunguza mkondo uwe chini ya miliampea moja. Unapoweka kidole nyuma yake, wewe ndiye unayekamilisha njia ya kwenda ardhini. Ndiyo maana mtu aliyesimama juu ya mbao kavu huweza kuona testa imefifia au haiwaki kabisa, na waya una umeme wake wote.

Jua kali nalo huficha mwanga wa neoni. Testa iliyoanguka majini huweza kuwa hatari yenyewe. Na kitaa chake hufa kama kitaa kingine chochote, bila kukuaga.

Kwa hiyo kanuni ni vipimo vitatu, si kimoja. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme: testa iwake. Pima waya unaotaka kuushika: isiwake. Rudi tena pale penye umeme: iwake. Ukikosa kile cha tatu, hujui kama waya ulikuwa mfu au testa ndiyo iliyokufa.

Je, wajua kwamba kuna wakati testa huwaka kwenye nyaya zote mbili na taa isiwake? Mtazame fundi aliye juu ya ngazi ukumbini. Kafungua siling rozi, swichi imewashwa, globu iko ndani ya holda. Anagusa laivu: neoni inawaka rangi ya chungwa. Anagusa nyutro: inawaka vilevile. Mwenye nyumba, aliyeshika ngazi chini, anashangaa.

"Kwani fundi, umeme umezidi?"

"Hapana mama. Umefika, umekosa njia ya kurudi."

Anatoa globu, anagusa tena ile nyutro, na safari hii testa haiwaki. Jibu limepatikana. Nyutro imekatika mahali fulani kabla ya kufika hapo, na umeme uliokuwa unaonekana juu yake ulipitia kwenye globu yenyewe ukakwama. Giza totoro, na kila waya una uwezo wa kuua. Ndiyo hitilafu inayowadanganya wengi, maana kichwani mwao nyutro ni waya usio na madhara.

Nyutro ikikatika nje, kwenye nguzo au kwenye transfoma, mambo hubadilika. Nyumba za mtaa mmoja hugawana njia tatu za umeme na nyutro moja. Nyutro hiyo ikiachia, nyumba moja inaweza kupata volti chache na nyingine ikasukumiwa kuelekea volti 400. Dalili zake: taa za kwako zinang'aa kupita kawaida, za jirani zinafifia, au kinyume chake. Usichunguze. Zima meni swichi papo hapo, halafu ndipo upige simu.

RANGI ZA NYAYA: USIZIAMINI

Je, wajua kwamba nyaya za nyumba yako zinaweza kusema lugha mbili? Mtindo wa zamani wa Kiingereza, ulioenea Afrika Mashariki, ni nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro, kijani au kijani chenye mistari ya njano kwa ethi, waya wa kwenda ardhini. Uingereza yenyewe iliruhusu rangi za Ulaya kuanzia 2004 na kuzilazimisha kuanzia Aprili 2006: kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro.

Hatari iko hapa. Kwenye umeme wa njia tatu, buluu ya zamani ilikuwa mojawapo ya laivu, ya sasa ni nyutro. Nyeusi ya zamani ilikuwa nyutro, ya sasa ni mojawapo ya laivu. Rangi mbili zilezile zimebadilishana kazi. Nyumba iliyojengwa miaka ya themanini na kuongezewa vyumba juzi inaweza kuwa na mitindo yote miwili ndani ya boksi moja.

Na hata ndani ya mtindo mmoja, waya mweusi ulioshuka kwenye swichi ya taa si lazima uwe nyutro. Fundi akitumia waya pacha wa nyekundu na nyeusi kushukia swichi, nyekundu huleta umeme na nyeusi huurudisha juu kwenye taa. Swichi ikiwashwa, ile nyeusi ni laivu kamili. Fundi mwangalifu huivisha kipande cha tepu nyekundu. Fundi mwenye haraka huondoka.

Kwa nini ethi ina mistari ya rangi mbili? Ili hata asiyeweza kutofautisha rangi aione mistari.

BREKA INAMLINDA NANI?

Je, wajua kwamba breka ya kawaida haikuwekwa kwa ajili yako? Iliwekwa kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 10 huruhusu miliampea 10,000 zipite bila wasiwasi. Wewe miliampea 30 zinaweza kukumaliza.

Breka ya ampea 6 kwenye njia ya taa inaweza kubeba takriban wati 1,380. Hizo ni globu za LED za wati 9 zaidi ya 150. Nyumba yako haina hata robo yake. Kwa hiyo breka ya taa ikianguka, usidhani taa zimezidi. Kuna waya unaogusana na mwenzake, maji yaliyoingia mahali, au mtu aliyechomeka pasi kwenye njia ya taa.

Na anayekushauri uweke breka kubwa zaidi "ili isikusumbue"? Waya wa moja na nusu ndani ya paipu ukutani hubeba takriban ampea 14 hadi 17. Ukiufunga kwenye breka ya 32, waya utageuka hita ndani ya ukuta kabla breka haijatikisika. Kufunga fyuzi kwa msumari au kwa nyuzi za waya wa redio ni ugonjwa uleule.

Je, wajua kwamba wakati breka inapoanguka ni ushahidi? Ikianguka papo hapo unapobonyeza swichi fulani, shoti iko baada ya swichi hiyo: kwenye holda, kwenye taa, au kwenye waya unaoelekea huko. Ikianguka baada ya dakika kadhaa, kuna joto au mzigo. Ikianguka mvua ikinyesha, anza na taa za nje: ya getini, ya barazani, ile ya ukutani ambayo mpira wake wa kuzuia maji ulikauka na kupasuka zamani.

Baadhi ya breka zikianguka, kidole chake husimama katikati au karibu na katikati. Kukisukuma juu tu hakutoshi. Kishushe chini kabisa kwanza, ndipo ukipandishe. Ikianguka tena, acha. Kuirudisha mara kwa mara ni kuipiga shoti ileile tena na tena.

Anayekulinda wewe ni breka nyingine, ile pana yenye kitufe kilichoandikwa T. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, ikimaanisha kuna kiasi kinachovuja kwenda ardhini, labda kupitia kwa mtu, hukata ndani ya sehemu ya sekunde. Kitufe cha T ni cha kuipima, na angalau mara mbili kwa mwaka kibonyeze. Isipokata, haipo.

Lakini nayo ina upofu wake. Ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku umesimama juu ya mbao kavu, itakuona wewe ni globu. Kinachotoka ni sawa na kinachorudi, na haitakata.

Je, wajua kwamba ethi nzuri peke yake inaweza isitoshe? Tuseme ile fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini ina ukinzani wa omu 50. Laivu ikigusa bati la taa, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 6 haitaanguka. Bati litakaa na umeme siku nzima likimngoja mtu. Ndiyo maana fimbo ya ethi na breka ya T huenda pamoja.

DALILI NDOGO ZENYE MANENO MAKUBWA

Harufu ya samaki jikoni na hakuna aliyepika samaki? Baadhi ya plastiki zinazotumika kwenye swichi na soketi hutoa harufu ya shombo zinapopata joto kupita kiasi. Tembea na pua yako kuta zote. Ukiipata swichi yenye joto au iliyobadilika rangi, zima njia yake kwenye breka.

Swichi inayolia kwa mnong'ono ina umeme unaorukaruka ndani. Skrubu imelegea au shaba imeungua.

Taa kufifia kidogo friji au pampu ya maji inapoanza ni kawaida, kwani mota huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida inapoamka. Taa kuzama kabisa si kawaida. Mahali fulani pana kiungo kibovu au waya mwembamba.

LED inayowaka, kuzima na kuwaka tena kwa mpangilio maalumu huwa inakufa yenyewe. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni saketi ndogo iliyo kitakoni, kwa joto. Ndiyo maana haidumu ndani ya kifuniko cha kioo kisicho na hewa.

Je, wajua kwamba LED huficha umeme hafifu? Globu ya zamani ilipopungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga ulipungua kwa karibu asilimia 30, na kila mtu aliona. LED nyingi hujirekebisha na kuendelea kung'aa vilevile. Mota ya friji haijirekebishi. Taa zinazowaka vizuri si dhamana tena kwamba umeme uko sawa.

Kwa nini globu za zamani hupasuka unapowasha? Uzi wa ndani ukiwa baridi huupinga umeme kidogo mno, mkondo wa mwanzo huwa zaidi ya mara kumi ya ule wa kawaida. Globu maarufu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, imewaka tangu 1901, na karibu haizimwi kamwe.

Panya hutafuna nyaya si kwa njaa: meno yao ya mbele hayaachi kukua, lazima wayasugue. Mijusi na sisimizi nao huingia kwenye swichi. Mjusi mmoja akigusa sehemu mbili za umeme, breka huanguka, na mwili wake ndio utakaomwonyesha fundi mahali.

Taa ya tyubu iliyovunjika? Ndani mna zebaki kidogo. Fungua madirisha, watoe watoto, subiri kidogo, kisha okota kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi. Usifagie. Novemba 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba taa za flurosenti za matumizi ya kawaida zikome kutengenezwa na kuuzwa nje ifikapo 2027.

UMEME UNAOINGIA KWA MLANGO WA NYUMA

Je, wajua kwamba "umeme umekatika mtaani" si ruhusa ya kushika waya? Utarudi bila kubisha hodi. Na LUKU ikiisha, mtoto ataingiza namba mpya wakati wewe uko juu ya kiti.

Kibaya zaidi ni jenereta iliyochomekwa kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Usipozima meni swichi, umeme wake hutoka nje hadi kwenye transfoma, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili: volti 230 zinaweza kupandishwa hadi 11,000 au 33,000. Fundi aliye juu ya nguzo, aliyehakikishiwa kwamba laini imezimwa, ndiye atakayezipokea. Jenereta hufungwa kwa swichi ya kubadilishia, ile isiyokubali vyanzo viwili kwa wakati mmoja.

Paneli ya sola nayo haina swichi ya kuzima jua. Mchana ukiwepo, nyaya zake zina umeme.

LAKO NA LA FUNDI

Ya kwako: kubadilisha globu na stata ya taa ya tyubu, kurudisha breka mara moja, kubonyeza T, kutazama, kunusa, kusikiliza, kuandika nini kilizimika na lini. Fundi akifika na maelezo hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Ya fundi: chochote kilicho nyuma ya skrubu. Tanzania Bara, leseni za kufunga nyaya hutolewa na EWURA kwa madaraja. Kenya, hutolewa na EPRA. Kuomba kuiona si utovu wa adabu. Kishoka, fundi asiye na leseni, ndiye anayelichukia ombi hilo.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima meni swichi kwanza. Usipoifikia, simama juu ya kitu kikavu na msukume kwa mti mkavu. Hapumui? Mbonyeze kifua na uite msaada. Akizinduka na kusema yu mzima, mpeleke hospitali vilevile, maana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Moto wa umeme haumwagiwi maji. Kata umeme, tumia kizimamoto cha poda au cha hewa ya kaboni, toka nje. Zimamoto Tanzania ni 114.

Na la mwisho, la kufanya leo mchana wakati kila kitu kinawaka. Washa taa zote. Zima breka moja, zunguka nyumba uone kilichozimika, rudi uandike pembeni yake kwa kalamu isiyofutika. Endelea mpaka ya mwisho, na wala usiamini maandishi ya mpangaji aliyetangulia. Hiyo ndiyo orodha pekee itakayokuambia, siku taa ikigoma, ni kidole kipi cha kushusha kabla mkono wa mtu yeyote haujapanda darini.